Kabla ya doria na kabla ya jengo, hesabuni masaa

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kibirizi hapa Kigoma, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Sisi akina mama 11 tunafanya kazi ya dagaa hapa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Wiki mbili zilizopita mtoto wa mwenzetu wa miaka minne aliokotwa majini saa tisa mchana, Mungu mkubwa alipona. Wanaume wa mtaa wamekaa kikao wanasema dawa ni kuanzisha sungusungu maana vijana wa kijiweni wamezidi, wanavuta na kuiba ndoo. Sisi tunataka kitu cha watoto. Mwaka juzi walikuja watu wa mradi wakatupa fulana na semina, hawajarudi. Tuanzie wapi? Tutafute kiwanja tujenge kituo? Tuombe mkopo wa halmashauri? Na wale vijana tuwafanyeje?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa hilo la mtoto, mpe pole na mama yake maana najua saivi anasemwa kila kona kwamba alikuwa wapi. Alikuwa anaanua dagaa, angekuwa wapi tena.

Sasa kwenye barua yako neno la maana kuliko yote umelipitia kama mtu anaruka dimbwi, nalo ni "saa tisa mchana". Umeliandika tu likapita. Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 19, zaidi ya nusu yake nimeifanya hapahapa Kigoma na Ujiji, na kama kuna kitu nimejifunza kwa kuumia ni kwamba usalama wa mtoto mtaani ni habari ya masaa. Kuna masaa mtoto ana mtu mzima wa kumwangalia na kuna masaa hana, basi, hatari yote inakaa kwenye yale masaa ambayo hana. Wanaume wenu wanataka kulinda saa nane za usiku na mtoto amezama saa tisa mchana, unaona jinsi vitu viwili vinavyopishana?

Na si Kibirizi tu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti mkubwa wa nchi nzima wa ukatili dhidi ya watoto, ukatoka 2011, ukaonesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walishafanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wavulana kama 1 kati ya 7. Ila kilichonishtua mimi si hiyo namba, ni sehemu inapotokea. Karibu nusu ya wale wasichana walisema ilitokea nyumbani kwa mtu, na karibu robo walisema njiani, wakienda au wakitoka shule. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba adui ni mtu mgeni aliyejificha kichakani usiku wa manane, mara nyingi ni nyumba ya jirani na ni njia ileile mnayoijua. Hata Marekani huko polisi wao wana takwimu za miaka na miaka kwamba siku za shule vurugu za vijana zinapanda sana kwenye saa tisa, saa kumi jioni, watoto wametoka darasani na wazazi bado wako kazini. Wenzetu wana magari na kamera na kila kitu lakini lile pengo la jioni ni lilelile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kikao kingine chochote, chukueni daftari. Wiki moja tu. Kila siku wawili kati yenu wapite mtaani mara nne, saa nne asubuhi, saa saba, saa tisa, saa kumi na mbili, waandike watoto wangapi wako nje bila mtu mzima, umri wa kukadiria tu, na wako wapi: ufukweni, barabarani, kwenye shimo la machimbo, kwenye kibanda cha video. Msiandike majina. Mkimaliza wiki mtakuwa na karatasi ambayo hata mwenyekiti wa mtaa hana, na ninakuhakikishia mtaona makundi mawili tofauti kabisa: wadogo chini ya miaka mitano ambao wako wazi tangu asubuhi mama zao wakianika, na wale wa shule za msingi ambao wanaanza kumwagika kuanzia saa sita saa saba, hasa wa awali na darasa la kwanza na la pili maana hao wanatoka mapema. Haya makundi mawili hayatibiwi kwa dawa moja, watu wengi wanakosea hapo, wanakusanya watoto wa miaka mitatu na wa miaka kumi na mbili sehemu moja wanaita kituo, baada ya mwezi wakubwa wamechoka kuimba nyimbo za herufi wamekimbia, wadogo wamebaki wanalia.

Tuanze na wadogo maana hao ndo maji yanawachukua. Kuzama si ajali ndogo, shirika la afya la dunia linakadiria mwaka 2021 walikufa maji watu kama 300,000 duniani na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka mitano. Na mtoto mdogo hazami kwa kelele kama tunavyodhani, anazama kimya, dakika mbili tatu, kwenye maji ya kufika magotini mwako. Bangladesh walikuwa na hili tatizo kubwa kuliko sisi, mabwawa kila nyuma ya nyumba, walichofanya hawakuzungushia ukuta mabwawa yote, waliweka vyumba vya kulelea watoto vijijini, mama mmoja wa palepale na msaidizi wake, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, siku sita kwa wiki. Kwa nini masaa hayo? Kwa sababu walikaa wakahesabu wakaona watoto wanazama masaa ambayo mama anapika na anafanya kazi na baba yuko shambani. Vifo vilishuka sana kwa watoto waliokuwa wanahudhuria. Hawakujenga chochote cha ajabu, ni chumba tu cha mtu kwenye nyumba ya mtu.

Ndo maana kwenye swali lako la kiwanja jibu langu ni hapana, si saivi. Nimeshashuhudia jengo. Zamani kidogo nilisimamia mradi mmoja, sitataja wa nani, tukajengewa banda zuri la watoto, bati la rangi, bembea, ufunguzi ukafanyika na ngoma, wageni wakakata utepe. Pesa ya jengo ilikuwepo ila pesa ya mama wa kukaa na watoto ilikuwa ya miezi sita tu. Mwezi wa saba kufuli. Mwaka uliofuata banda likawa sehemu haohao vijana wa kijiweni wanalala mchana. Nilikuwa sehemu ya uamuzi ule na bado nikipita njia ile naangalia upande wa pili.

Fanyeni hesabu ya mama kwanza, jengo baadaye. Mfano, weka bei zenu mwenyewe: watoto 20, kila mzazi 500 kwa siku, hiyo ni 10,000. Akina mama wawili wa kukaa nao 3,000 kila mmoja, 6,000. Uji, yaani unga kilo moja, sukari kidogo na mkaa, tuseme 3,000. Inabaki 1,000, ambayo ni sabuni na maji, au ni watoto wawili ambao mama zao hawana kabisa wanakaa bure. 3,000 ni ndogo, najua, mtu anaweza kupata zaidi kwa kubeba ndoo tu, ila ni ya uhakika kila siku na hailowi, utapata mabibi wanaoitaka. Watoto 20 kwa mama wawili msizidishe, na kama wengi ni wa chini ya miaka miwili punguzeni zaidi.

Halafu hapa kuna kitu ambacho watu wa semina hawakijui kwa sababu hawajawahi kuuza dagaa. Hela ya mwaloni inafuata mwezi wa mbinguni. Giza likiwa zuri mitumbwi inaingia imejaa na 500 si kitu, mbalamwezi ikitoka taa za wavuvi hazivuti dagaa, watu wanakaa, hata 200 ya maandazi inakuwa kesi. Na tangu 2024 kuna kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 mpaka Agosti 15, nchi zote nne zinazolizunguka, miezi mitatu. Mkiweka ada ya kudumu mwaka mzima kituo kinakufa mwezi Juni. Wekeni ya giza 700, mia mbili inaenda kwenye sanduku la funguo tatu kama mnavyofanya kwenye kikoba, wakati wa mbalamwezi mchango ushuke hata 200 sanduku lijazie pengo. Kipindi cha kufungwa kaeni mkubaliane mapema, labda mama mmoja badala ya wawili na watoto wachache maana wazazi wengi watakuwa nyumbani, ila msifunge kabisa. Wazazi kuwa nyumbani haimaanishi macho yako kwa mtoto, wakati huo watu wanahangaika na vibarua, wengine wanakwenda mashambani kwenye mawese, na watoto ufukweni wanaongezeka kwa sababu mitumbwi imeegeshwa nchi kavu inawaita wakachezee.

Upande wa sheria, hii ya kukusanya watoto wadogo kwa malipo ni kituo cha kulelea watoto mchana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kisajiliwe. Usiogope neno hilo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, kama kata haina nenda manispaa, mwambie mapema kabla hamjaanza, atakuja kuangalia choo, maji, mlango, nafasi. Serikali yenyewe kwenye programu yake ya malezi na makuzi ya mtoto mdogo iliyozinduliwa Desemba 2021 inataka vituo vya kijamii kama hivi viwepo mitaani, kwa hiyo wewe huombi msaada, unampelekea kazi yake ikiwa nusu imeshafanyika. Maafisa wanapenda hiyo.

Sasa wakubwa wa shule. Hapa msianzishe kitu kipya kabla hamjaangalia nani tayari ana watoto masaa hayo. Ujiji kwa mfano ukipita alasiri unasikia sauti za watoto kwenye madrasa kila baada ya nyumba kadhaa, ustadhi ameshakaa na watoto thelathini bila mradi wowote, miaka na miaka. Makanisa nayo yana kwaya za watoto. Kuna mwalimu mstaafu anafundisha tuisheni barazani. Kuna yule kijana mwenye mpira. Hao ndo programu yenu. Kazi yenu akina mama ni kuunganisha, Jumatatu mpaka Jumatano wako madrasa au tuisheni, Alhamisi na Ijumaa uwanjani, na njia ya kwenda na kurudi kuna watu wanne mmewapa kazi ya kuangalia: muuza genge, fundi baiskeli, kijiwe cha bodaboda, mama wa mihogo. Hawa hawatembei, wako palepale siku nzima, wanamjua kila mtoto na mama yake. Muwaambie tu rasmi kwamba mtoto akisimamishwa na mtu, mtu huyo aulizwe. Hiyo haina gharama hata ya soda.

Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu watu hawapendi kuisikia. Ukishakusanya watoto sehemu moja, umemrahisishia kazi yule anayewatafuta. Mtu mwenye nia mbaya na watoto haendi mbali na watoto, anaomba kujitolea. Anakuwa mchangamfu, ana pipi, anajitolea kumsindikiza mtoto ambaye mama yake amechelewa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, na kwa kila mtu, hata awe shehe, mchungaji, mwalimu, mjumbe, hata awe mume wako: mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja chumbani, mlango unabaki wazi, kila mara watu wazima wawe wawili. Hakuna kumtuma mtoto nyumbani kwa mtu mzima. Hakuna zawadi ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja. Hakuna siri, watoto wafundishwe kwamba mtu akisema "usimwambie mama" basi hilo ndo la kumwambia mama kwanza. Picha za watoto zisizagae kwenye magrupu. Mtu akikasirika kwa masharti haya akasema mnamdhalilisha, mshukuruni mwache aende, ustadhi mwenye nia safi atakuambia lete nisaini. Kabla ya kumpa mtu watoto ulizeni alikotoka, mtaa aliohama, simu moja tu kwa mwenyekiti wa huko inaokoa mengi.

Ikitokea limetokea, Mungu apishilie mbali, mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono: usimwogeshe, usifue nguo zake, usimhoji kama polisi, mpeleke hospitali upesi. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi ambazo zinafanya kazi zikianzwa ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Namba 116 ni ya bure, ni ya watoto, inapokewa usiku na mchana, iandikeni kwa chokaa ukutani kabisa. Na wale wazee watakaokuja na habari za tuyamalize kifamilia, faini mbuzi na kreti ya soda, waambieni kwa heshima zote kwamba hiyo ni jinai, haina mapatano. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa serikali za mitaa, ni wajibu, si hiari. Mtaani kwenu inatakiwa iwepo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ipo kwenye mpango wa taifa tangu 2017, muulizeni mtendaji wa mtaa wajumbe ni nani na mara ya mwisho walikaa lini. Kama atakuna kichwa, ombeni wawili kati yenu 11 waingie.

Turudi kwa wanaume na sungusungu yao. Mimi siidharau. Sungusungu ilizaliwa jirani zetu hapo, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 80, wezi wa ng'ombe walikuwa wamewashinda, na ilifanya kazi kweli mpaka serikali ikaitambua kisheria 1989. Na hapa Kigoma hatujasahau habari za teleza, zile za 2019 za wanaume waliojipaka oili wakiingia usiku kwenye nyumba za wanawake, wanaume wakisema wanataka kulinda usiku wana sababu, nyumba nyingi za mtaa wenu milango yake unaisukuma kwa bega tu. Kwa hiyo doria iwepo, lakini ipitie kwa mtendaji na polisi kata kama ulinzi shirikishi, majina yaandikwe, na isiwe kuhusu watoto. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuunga mkono kikundi cha doria mtaa fulani, mwezi wa pili tu wakamkamata mvulana wa miaka 13 na ndoo ya samaki wakampiga usiku mzima. Nilimkuta asubuhi. Yule ndo alikuwa mtoto tuliyesema tunamlinda.

Na vijana wa kijiweni wako wa namna gani? Nina uhakika nusu yao ni watoto wa hawahawa akina mama 11, au wadogo zao. Msiwaite kwenye semina ya kuacha bangi, hawatakuja, au watakuja kwa ajili ya soda. Tafuteni yule mmoja ambaye wenzake wanamsikiliza, kila kijiwe kina mmoja, mara nyingi si mwenye kelele. Chicago huko Marekani mpango wa daktari mmoja anaitwa Gary Slutkin, ulioanza mwaka 2000, uliajiri watu wa mitaa ileile, wengine walishawahi kuwa kwenye magenge, kazi yao kwenda kuzima ugomvi kabla haujawa risasi, kwa sababu padri au polisi asingesikilizwa pale. Sisi hatuna risasi ila kanuni inafanana. Mpeni huyo kijana kazi yenye jina: mlinzi wa ufukwe, saa nane mpaka saa kumi na mbili, kuhakikisha mtoto asiye na mkubwa haingii majini. Wengi wao wanaogelea kama samaki. Apewe filimbi, kamba ndefu na madumu matupu ya lita tano ya kurushia mtu, na afundishwe kutoingia majini kichwakichwa kumfuata anayezama maana hapo mnazika wawili. Akina mama kila mmoja amtolee dagaa kiasi kwa siku, na wanaoijua kazi hiyo wamfundishe kupuliza pumzi na kubonyeza kifua, zahanati itawasaidia kwa hilo. Ila naye anafuata yale masharti ya watu wazima wawili kama wengine, hakuna cha amebadilika.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo wanawake wana 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, iliwahi kusimamishwa 2023 na ikarudi 2024. Hauna riba ila ni mkopo, unarudishwa. Msikope kwa ajili ya kulea watoto maana uji haurudishi hela. Mkitaka kukopa sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, mkope kwa biashara yenu ya dagaa, vichanja vya kuanikia juu badala ya mchangani, vifungashio, halafu faida ndo itoe mchango wa kituo. Na vichanja vikiwa karibu na kile chumba cha watoto mama anageuza dagaa huku anasikia sauti ya mwanawe, faida ambayo haipo kwenye fomu ya mkopo.

Wale wa fulana wakirudi msiwafukuze. Muwaoneshe daftari la masaa, waambieni tunahitaji mshahara wa mama wa pili kwa miaka mitatu, au tenki la maji, na kwamba fulana tunazo.

Umeniuliza mwanzoni muanzie wapi. Leo ni Alhamisi, giza linaanza wiki ijayo mtakuwa bize hamtaonana. Kesho baada ya kuanua, kaeni nusu saa tu, gawaneni zamu za daftari, na mumpe zamu ya saa tisa yule mama ambaye mtoto wake aliokotwa, kama anataka. Nadhani atataka.